Daftari Lililojaa Si Ushahidi

Kuna imani inayotawala shule za chekechea za mtaa wa Kawangware jijini Nairobi, kuanzia Gatina hadi Kabiro, na hata kule Kibera: kwamba mtoto wa miaka minne amesoma siku ile tu anaporudi nyumbani na daftari lililojaa. Mzazi akifungua begi jioni anataka kuona mistari ya a, e, i, o, u, hesabu kumi zilizotiwa alama kwa kalamu nyekundu, na kazi ya ziada ya kufanya usiku. Asipoviona, anauliza karo yake inalipia nini. Mwenye shule, ambaye riziki yake inategemea mzazi huyo asihamie shule ya jirani, anampa anachotaka. Mwalimu, ambaye mshahara wake uko mikononi mwa mwenye shule, anaandika ubaoni, na watoto wananakili.

Imani hiyo ni potofu, na wanaobeba hasara yake ni watoto wasioweza kujitetea. Dai langu ni hili: mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, aliyeteremsha chupa kwenye ubao ulioinamishwa, akabashiri ipi itatangulia, akajaribu, kisha akaeleza kwa nini mambo hayakwenda alivyodhani, amefanya kazi ya shule kubwa kuliko aliyenakili ukurasa mzima wa herufi zisizomwambia kitu. Mashine sahili, yaani wenzo, gurudumu na ekseli yake, kapi, mteremko, kabari na skrubu, pamoja na maswali ya nini kinasukuma, nini kinavuta na nini kinazuia, zina haki ya kukaa katikati ya siku ya mtoto wa chekechea. Na kama kuna mahali panapofaa kuanzia, ni Kawangware.

Wanaopinga wana hoja nne. Nitazijibu moja baada ya nyingine na kwa uzito unaostahili, kwa sababu wanaozitoa ni watu wanaowapenda watoto wao.

Hoja ya kwanza inasema haya ni mambo ya fizikia, na fizikia ni ya sekondari. Mtoto ambaye bado anafungiwa viatu ataelewaje kani na msuguano?

Chukua ubao wa kama mita moja, wa mabaki ya seremala. Egemeza ncha yake moja juu ya matofali mawili. Tafuta chupa tatu za plastiki za nusu lita zinazofanana. Ya kwanza iache tupu. Ya pili ijaze maji mpaka mdomoni. Ya tatu itie mchanga mkavu hadi nusu. Funga vifuniko, zilaze zote juu ya ubao, zizuie kwa rula, kisha uwaulize watoto kabla hujaziachilia: ipi itafika chini kwanza? Usiwaharakishe. Mwache kila mmoja achague yake na aseme sababu. Mmoja atasema tupu, kwa kuwa ni nyepesi. Mwingine atasema ya mchanga, kwa kuwa ni nzito na kitu kizito huanguka kwa kishindo. Sasa ondoa rula.

Ya maji inatangulia. Tupu inafuata. Ya mchanga inajikokota nyuma, na ubao usipoinama vya kutosha inaweza kukataa kabisa kuondoka. Sababu zipo na ni nzuri. Maji yaliyo ndani hayazunguki pamoja na chupa, kwa hivyo karibu nguvu yote ya mteremko inakwenda kwenye mwendo wa mbele. Chupa tupu ina uzito wake wote kwenye ganda linalozunguka, na sehemu ya nguvu inatumika kulizungusha. Mchanga nao unaporomoka na kusuguana chembe kwa chembe, na msuguano huo ndio unaoula mwendo. Maelezo hayo yatamfaa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mtoto wa miaka minne hayahitaji bado. Anachopata yeye ni mambo manne ambayo mtu mzima asiyeyapata utotoni huyatafuta kwa tabu: kwamba uzito peke yake haujibu swali, kwamba kilicho ndani kinaweza kubadilisha mwendo wa kilicho nje, kwamba dhana inaweza kupimwa, na kwamba kukosea hakuumizi.

Mtazame anachofanya baadaye. Ataichukua ile chupa ya mchanga aitikise sikioni. Ataomba irudiwe. Ataongeza tofali la tatu aone kama chupa iliyokataa sasa itakubali. Hapo amebadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vyote kama vilivyokuwa ili ajue kipi kilisababisha nini. Hiyo ndiyo njia ya utafiti katika maabara yoyote duniani, na ameifikia bila kufundishwa neno hata moja la Kilatini.

Wapo wanaomtumia Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, kuunga mkono hoja hii. Wanasema yeye mwenyewe alionyesha kwamba mtoto wa umri huo hawezi kufikiri mambo dhahania. Basi na tumfuate Piaget mpaka mwisho. Kama mtoto hufikiri kupitia vitu anavyovishika na kuvisogeza, kipi ni dhahania zaidi: ubao uliolala juu ya jiwe, au alama ya 7 iliyochorwa kwa chaki? Wenzo unaonekana, unashikika, unasukumika, na unajibu papo hapo. Alama ya 7 haijibu kitu. Wanaosema mtoto hayuko tayari kwa mashine ndio wanaompa kila siku jambo gumu zaidi kwa umri wake, halafu wanashangaa anaposinzia.

Hoja ya pili ndiyo yenye wafuasi wengi mtaani. Muda ni mfupi, wanasema. Mchezo utakula muda wa kusoma na kuandika, na mtoto ataingia gredi ya kwanza akiwa nyuma ya wenzake. Samaki mkunje angali mbichi.

Methali hiyo ni kweli tupu, ila haisemi akunjwe aelekee wapi. Mtoto anayekunjwa kwenye kunakili anajifunza kwamba jibu daima liko kwa mwalimu na kazi yake ni kulirudisha bila kosa. Tabia hiyo haiishii PP2, mwaka wa pili wa chekechea. Inamfuata mpaka anapokuwa kijana anayekariri kanuni ya wenzo kwa ajili ya mtihani na kushindwa kuiona kwenye mtaimbo wa fundi aliompita asubuhi akienda shule.

Na si kweli kwamba mashine zinapokonya muda wa hesabu na lugha. Laza ubao imara juu ya jiwe, weka mtungi wa maji wa lita 20 kwenye ncha moja, na mwalimu aushike usiyumbe. Mtungi huo una kilo 20, ni mzito kuliko watoto wengi wa PP1. Jiwe likiwa katikati, mtoto akikalia ncha ya pili mtungi haubanduki. Wasogezee watoto jiwe karibu na mtungi, hadi upande wa mtoto uwe mrefu mara mbili ya upande wa maji. Mtoto yule yule, kwa uzito ule ule, sasa anaunyanyua, kwa sababu kilo 10 upande mrefu zinatosha kusawazisha kilo 20 upande mfupi. Watoto watapiga kelele, na wana haki. Kisha wapime: kutoka jiwe hadi mtungi ni shibiri ngapi? Kutoka jiwe hadi kwa mwenzenu? Upi mrefu? Wamehesabu, wamelinganisha, wamepima. Kila mmoja achore jiwe lilipokuwa. Mwalimu aandike chini ya mchoro sentensi ya mtoto mwenyewe, kwa Kiswahili anachokizungumza: jiwe likienda karibu na maji, maji yanakuwa mepesi. Sentensi hiyo mtoto ataisoma na kuirudia, kwa sababu ni yake na anajua inasema nini. Zana yoyote ya kufundishia kusoma inayozidi hiyo sijaiona.

Wanaotaka ushahidi wa mbali kuliko ubao na jiwe wanao. Katika jimbo la Tennessee, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt waliwafuatilia watoto karibu 3,000 wa familia maskini walioomba nafasi katika chekechea za serikali; nafasi zikatolewa kwa bahati nasibu, wengine wakapata na wengine wakakosa. Mwisho wa mwaka wa chekechea, waliopata nafasi walikuwa mbele. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba walipofika darasa la sita, watoto hao hao walikuwa nyuma ya wale waliokosa nafasi, na walikuwa na makosa mengi zaidi ya nidhamu. Dale Farran, mmoja wa watafiti hao, amenyoshea kidole madarasa ambamo watoto hukaa kwa muda mrefu wakimsikiliza mwalimu kwa pamoja, huku nafasi ya kuchagua, kucheza na kuchunguza ikiwa finyu. Kuwa mbele ukiwa na miaka mitano, basi, si dhamana ya kuwa mbele ukiwa na kumi na mbili.

Karibu nasi zaidi kuna Mombasa. Mwaka 1982 mwalimu mmoja mwenye heshima kubwa mjini humo, Bi Swafiya Said, alianza kazi iliyozaa chekechea za madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Wazazi wa pwani walitaka watoto wao wapate Qurani na pia wawe tayari kwa shule. Jibu la Bi Swafiya na wenzake halikuwa kuwajazia watoto madaftari. Madarasa yalipangwa kwa pembe za shughuli, vifaa vikatengenezwa kwa vitu vilivyopatikana pale pale, na mtoto akapewa nafasi ya kuchagua, kutenda na kueleza alichotenda. Mpango ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Mwaka 2008 Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa chekechea hizo na wenzao wa chekechea nyingine, na wale waliobaki nyumbani, katika nchi hizo tatu. Waliokwenda chekechea yoyote waliendelea kuliko waliobaki nyumbani. Wa madrasa waliendelea kuliko wote. Haya yamefanyika Kenya, kwa mikono ya Wakenya, kwa watoto wa familia zisizo na kitu. Asiseme mtu kwamba ni ndoto za Wazungu.

Na hofu ya gredi ya kwanza? Sehemu ya hofu hiyo imetengenezwa na usaili ambao baadhi ya shule huwafanyia watoto mlangoni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu shule ya umma kumchuja mtoto kwa mtihani anapoingia. Mtihani unaruhusiwa pale tu unapokusudiwa kumpanga katika darasa linalomfaa. Mtaala wa Umilisi, ambao Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) iliutayarisha na ukaanza kutumika kote nchini Januari 2019, unayapanga mafunzo ya PP1 na PP2 katika shughuli: za lugha, za hisabati, za mazingira, za ubunifu, za dini. Anayemnyima mtoto shughuli hizo kwa jina la maandalizi anamwandaa kwa mtihani ambao mtaala wenyewe haumtaki afanye.

Hoja ya tatu ni ya mfukoni. Vitendo ni gharama, wanasema. Hayo ni ya shule za Lavington, mtaa wa matajiri. Kenya imewapa wazazi sababu ya kuogopa. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na masomo ya ufundi na kazi za mikono, na wazazi wakachangishwa kujenga karakana na kununua vifaa. Baadaye masomo hayo yakaondolewa kwenye mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, KCPE, na yalipoondolewa shule nyingi zikayaacha. Ulipokuja Mtaala wa Umilisi, mama wa Kawangware akajikuta saa mbili usiku kwenye saiba akichapisha picha ya rangi ya mnyama ambayo mwanawe atabandika daftarini kesho. Malalamiko hayo ni ya haki, nami nayaunga mkono. Kumtoza mzazi pesa ili mtoto abandike picha ni kunakili kule kule kwa gharama ya juu zaidi.

Lakini hesabu vitu nilivyovitaja hadi sasa: kipande cha ubao, matofali, jiwe, chupa zilizotupwa, mchanga, mtungi uliopo katika kila nyumba. Ongeza kibiringo cha uzi kutoka kwa fundi cherehani, kipenyeze msumari katikati, pitisha kamba, ning'iniza kikopo: hiyo ni kapi, na mtoto ataona kwamba akivuta chini, kikopo kinapanda juu. Ongeza pakiti ya maziwa, vifuniko vinne vya chupa na vijiti viwili. Watoto wengi watavigandisha vifuniko na vijiti pamoja kwenye pakiti, na gari litaburuta. Mwache mtoto ahangaike. Atakapogundua kwamba kijiti lazima kiwe huru kuzunguka ndani ya tundu lake, atakuwa ameelewa ekseli kwa namna ambayo hakuna picha ya kitabu inayoweza kumpa. Watoto wakubwa wa mitaa hii wamekuwa wakiunda magari ya waya yenye usukani tangu zamani, na hakuna aliyewanunulia chochote.

Kwa sababu hiyo hiyo napinga dawa inayoletwa na wafadhili: tableti zenye michezo ya magari yanayoteremka kwenye kioo, au masanduku ya plastiki ya rangi yanayofungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu yasije yakaharibika. Mteremko wa kwenye kioo hauna uzito. Mtoto hausikii ukimlemea mkononi, hauoni ukikataa. Na sanduku la kufungiwa linamfundisha kwamba sayansi ni mali ya mtu mwingine.

Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa wafanyakazi maskini ambao watoto wao walishinda wakizurura wazazi wakiwa kazini. Leo jina lake limebandikwa kwenye mageti ya shule ghali za Nairobi, na wengi wanadhani njia yake ilibuniwa kwa ajili ya matajiri. Ilianzia kwa watoto wa namna ya watoto wetu. Hapa Kenya pia hakuna jipya: Taasisi ya Elimu ya Kenya ilikuwa na mradi wa elimu ya awali tangu mwaka 1971, na mwaka 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa cha elimu hiyo, NACECE. Walimu waliopitia mikononi mwao walifundishwa kutengeneza vifaa kutokana na mazingira. Ujuzi huo upo nchini kwa zaidi ya miaka arubaini. Tumeuzika chini ya madaftari.

Kuna walimu watakaonijibu kwamba darasa lao ni chumba cha mabati chenye watoto hamsini na zaidi, na kwamba hawawezi kuweka ubao mahali ambapo hata miguu haina nafasi. Najua kuwa hali ni hiyo, na najua wanalipwa kidogo mno. Lakini mwalimu aliye na watoto hamsini wanaonakili hafundishi hamsini. Anawafundisha kumi walio mbele na kuwanyamazisha waliobaki. Wagawanye: kumi nje mlangoni na ubao, wengine ndani wakichora walichokiona jana, kisha wabadilishane. Wiki ikiisha kila mtoto atakuwa ameshika chupa. Kinachomhitaji mwalimu ajizoeze ni kuuliza swali na kunyamaza mpaka mtoto ajibu, na hilo halihitaji chumba kikubwa.

Hoja ya nne haisemwi mikutanoni, lakini ndiyo iliyo moyoni mwa wazazi wengi, nami naiheshimu kuliko hizo tatu. Baba anayevuta mkokoteni Barabara ya Naivasha hataki mwanawe aende shule kufundishwa magurudumu. Yeye ana magurudumu ya kumtosha. Alimpeleka mtoto shule ili aepukane nayo, avae shati jeupe, ashike kalamu. Akisikia kwamba leo wamecheza na kamba na mbao, anaona mwanawe anarudishwa pale alipotaka kumtoa.

Hofu hii ina historia. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilipozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza Mwafrika apewe elimu ya kumfaa kijijini: kilimo, ufundi, usafi. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Jeanes School pale Kabete, si mbali na Kawangware ya leo, kuwafunza walimu wa kupeleka elimu hiyo. Waafrika waliona vizuri kilichokuwa kinaendelea. Mtoto wa Mzungu alipewa hisabati na sayansi, wa Mwafrika akapewa randa na jembe. Shule huru za Wakikuyu zilizoenea miaka ya 1930 zilidai, pamoja na mengine, elimu kamili ya vitabu na ya Kiingereza. Babu zetu hawakuwa na chuki na kazi. Walikataa kugawiwa mikono bila akili.

Nasimama upande wao, na kwa sababu hiyo hiyo nadai mashine chekechea. Elimu ile ya kikoloni ilimwonyesha mwanafunzi jinsi ya kusukuma randa na kumficha sababu. Ilitaka mikono inayotii. Somo la ubao na jiwe linaanza na kwa nini. Linamtaka mtoto abashiri, apinge, apime, aeleze. Kama kuna mafunzo yanayorithi roho ya Kabete ya 1925, ni yale ya kumkalisha mtoto kimya akinakili bila kuuliza, kwa sababu hayo ndiyo yanayozalisha mtu wa kuamriwa.

Na tuutazame huo mkokoteni kwa karibu, kwa kuwa unadharauliwa bila kutazamwa. Una magurudumu mawili ya gari kuukuu na ekseli moja. Mwenye kuupakia hupanga magunia ya viazi ili uzito ukae juu ya ekseli. Ukizidi mbele, mikono ya mkokoteni inamlemea mvutaji. Ukizidi nyuma, inamnyanyua miguu juu. Anapoteremka kilima chenye matatu mbele na bodaboda pembeni, huinua mikono hiyo ili kipande cha tairi kilichopigiliwa nyuma kisuguane na lami na kupunguza kasi. Wenzo, gurudumu, mteremko na msuguano, vyote katika kitendo kimoja cha mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anajua sayansi. Mhandisi anayesanifu daraja anatumia kanuni zile zile. Kilichowatenganisha ni kwamba mmoja alipata mahali pa kuulizwa kwa nini, akajifunza kupima na kuandika anachokijua, na mwingine hakupata.

Mtoto wa Kawangware anazungukwa na darasa ambalo shule ya Lavington haiwezi kulinunua. Anampita mnoa visu anayekanyaga pedeli ya baiskeli ili jiwe lizunguke. Anampita fundi cherehani ambaye mguu wake unashuka na kupanda na gurudumu linageuka upande mmoja tu. Anapita chini ya ghorofa jipya ambapo kamba na kapi vinapandisha ndoo za saruji. Anamwona seremala akipasua gogo kwa kabari. Kisha anaingia darasani na kuambiwa asahau yote hayo, akae, anakili. Tunaichukua akili iliyokuja imejaa maswali na kuifundisha kwamba maswali yake hayana kazi hapa. Huo ndio wizi ninaoulalamikia, nao unafanyika kwa nia njema na kwa karo ya mzazi mwenyewe.

Baba wa mkokoteni anataka mwanawe atoke. Nami nataka atoke. Lakini hatoki kwa kukimbia anachokifahamu baba yake. Atatoka akikifahamu zaidi ya baba yake: akijua kwa nini mzigo hukaa juu ya ekseli, akiweza kukokotoa, akiweza siku moja kubuni breki iliyo bora kuliko kipande cha tairi.

Kwa hivyo nawaambia wazazi: jioni mtoto anaporudi, msianze na daftari. Muulizeni umejaribu nini leo, ulidhani itakuwaje, ikawaje? Muulizeni mwalimu maswali hayo hayo siku ya kulipa karo, kwa kuwa mwenye shule hufuata kile mzazi anachokiuliza. Wenye shule: ondoeni kazi ya ziada ya kuandika kwa PP1 na PP2, na mtenge nusu saa kila siku ya vitu vya kushika na kusogeza. Walimu: msingoje semina wala sanduku la vifaa, okoteni ubao. Na Serikali ya Kaunti ya Nairobi, ambayo Katiba ya 2010 imeikabidhi elimu ya chekechea, iwalipe walimu wake vizuri, iwafunze pia wale wa shule ndogo za mitaani ambako watoto wengi wako, na iwaagize wakaguzi wake waache kufungua madaftari na waanze kuwasikiliza watoto wakieleza.

Miaka ya chekechea ni miwili tu. Mtoto atakuwa na miaka mingi ya kuandika baada ya hapo, na ataandika vizuri zaidi akiwa na jambo la kusema. Tumpe jambo hilo sasa, kwa mbao na mawe tuliyo nayo, au tukubali waziwazi kwamba tunalipa karo ili watoto wetu wafundishwe kutouliza.